Hodi kwa Namba Ishirini

Kurunzi alifika saa saba mchana, akaukuta mtandao mzima wa afya.

"Ndivyo ulivyo," alisema mwenye nyumba, mtu wa mwili mkubwa aliyejaa mlango mzima. Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha mikate, na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kazini. "Mgonjwa akimwona daktari anajifanya mzima. Lakini subiri kidogo. Ikifika saa nane tu, utakufa."

"Mimi?"

"Mtandao, fundi. Mtandao."

Kurunzi alicheka, akavua viatu, akaingia na begi lake la zana. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwenye kampuni ya simu, alikotumikia miaka ishirini na miwili akitafuta makosa ya laini. Walisema mama huyu akikuuliza swali, unajikuta umekunja macho kama mtu aliyemulikwa. Sasa alikuwa anajitegemea. Watu walimwita pale mafundi wengine walipokwisha kusema, "Nunua mpya."

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Kando ya dirisha palikuwa na cherehani iliyofunikwa kwa kitambaa, na mbele yake meza yenye kompyuta ya kioo kipana. Kebo ya kijivu ilitoka nyuma ya kompyuta, ikapanda ukuta kwa misumari midogo mpaka kwenye ruta ya mtandao iliyotundikwa juu ya mlango. Mbele ya kompyuta alikaa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Nyuma ya kiti chake alisimama binti wa miaka ishirini na kitu, macho mekundu.

"Huyo ni baba," mwenye nyumba alisema. "Mzee Pindo. Alishona nguo za nusu ya mtaa huu. Hasikii tangu utotoni. Na huyo ni mjukuu wake, mtoto wa marehemu dada yangu. Ndiye anayetutafsiria. Na ndiye aliyeharibu."

"Sijaharibu, Mjomba."

"Shikamoo, mzee," Kurunzi alisema, akimtazama mzee usoni wala si mjukuu. Mjukuu akaipeleka salamu kwa mikono. Mzee Pindo aliitikia, kisha mikono yake, ya haraka na nadhifu, ikaongeza jambo refu.

"Anasema karibu," binti alitafsiri. "Anasema saa tisa kamili mdogo wake atapiga. Naye hasikii. Yuko ng'ambo, hospitalini. Kesho asubuhi anapasuliwa moyo. Baada ya saa tisa na nusu wanamwingiza wodini na hawamruhusu tena simu. Anasema..." Alisita. "Anasema wamebaki wawili tu kati ya saba."

Kurunzi alitazama saa yake. Saa saba na dakika kumi.

"Simu yako haifai?"

"Babu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwenye simu anasema vidole vya mdogo wake vinakuwa kama siafu. Kuandikiana nako hawawezi, hawakusoma. Ndiyo maana tukanunua kompyuta yenye kioo kikubwa."

"Ya mitumba," mjomba aliingilia, "lakini ilikuwa inawaka vizuri. Huyu akaifuta yote akaiwekea hiyo programu yake ya Linux. Wiki ya tano sasa, tangu siku hiyohiyo, mtandao unakatika. Sisi wengine tunaendelea na simu zetu kama kawaida. Kompyuta peke yake ndiyo inayokatika. Sasa hapo unahitaji upelelezi gani?"

"Huo ninaoufanya sasa," Kurunzi alisema kwa upole, akafungua daftari.

Alianza kwa mzee. Kumbe Mzee Pindo alikuwa shahidi ambaye mpelelezi humwomba Mungu ampate. Kutoka chini ya kibodi alitoa karatasi ya kaki, ile aliyokuwa akichorea vipimo vya nguo, akaitandaza. Kusoma maneno kulikuwa kwake nguo ya kuazima, lakini namba alizijua vizuri. Alikuwa ameandika kila tukio: tarehe, saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi. Mistari imenyooka kama mshono.

Kurunzi aliivaa miwani. Saa nane na dakika tano mpaka saa tisa. Saa nane na kumi mpaka tisa na robo. Saa nane kamili mpaka tisa kasoro tano.

"Asubuhi haukatiki hata mara moja?"

Mzee alitikisa kichwa. Jioni je? Hapana.

"Programu mbovu haina ratiba," Kurunzi alisema. "Ikiwa mbovu, ni mbovu asubuhi na jioni. Huyu tunayemtafuta anakula kwanza, halafu anakuja. Anakaa saa moja, anaondoka. Ana nidhamu kuliko wafanyakazi wengi." Kidole chake kilisimama katikati ya karatasi. "Na hizi siku nne? Hakuna kitu hapa."

Mjukuu alikuna kichwa. "Wiki hiyo... hiyo ni wiki Anti alikwenda kwao kumuuguza mama yake. Mke wa mjomba. Nilikuwa napika mimi."

"Hata mtandao uliogopa mapishi yako," mjomba alisema. Hakuna aliyecheka. Kurunzi aliandika kitu kifupi daftarini.

Mke wa mwenye nyumba aliingia wakati huo kukusanya vyombo vya chakula cha mchana. Alikuwa mama kijana mwenye khanga begani. Alimsalimia Kurunzi kwa sauti ya chini, akaweka glasi ya maji mbele ya baba mkwe wake. Mzee alimpungia mkono kidogo. Naye akainamisha kichwa, akatoka. Hawakuambiana kitu kingine.

"Sasa wewe," Kurunzi alimgeukia mjukuu. "Nieleze ulichofanya siku ya kuiweka Linux. Kila hatua. Usinifichie hata ile unayoiona ya kijinga."

Binti alieleza. Windows iliyokuja na mashine ilikuwa ya zamani mno, inajikokota, haipokei tena masahihisho. Katika duka la kuchapisha anakofanya kazi wanatumia Linux, hivyo aliijua. Akaiweka, ikaitambua kamera, ikaitambua sauti, ikaitambua kadi ya mtandao. Halafu akajaza namba za mtandao.

"Ulizipata wapi?"

"Pale." Alionyesha juu ya mlango. Ubavuni mwa ruta palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa kwa gundi, imegeuka rangi ya chai. *Mashine ya Baba*, ilisema, na chini yake safu ya tarakimu iliyoishia na ishirini.

"Kwa nini hukuiachia ruta igawe namba yenyewe?"

"Niliona imeandikwa 'Mashine ya Baba', mama. Nikasema nisiwe mjuaji. Nifuate kilichopo."

Kurunzi alianza kuliona kosa, lakini kwa mbali, kama mtu anayekuja barabarani ambaye bado hujamjua sura.

Saa nane ilipokaribia, alikaa mbele ya kompyuta na kufungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Aliiagiza mashine iipigie ruta hodi kila sekunde moja, bila kukoma. Kila hodi ilijibiwa, mstari juu ya mstari, unateremka kwenye kioo.

Saa nane na dakika nne mistari ikasimama.

Mjomba alipiga paja. "Si nilisema!"

Mzee Pindo hakupiga kelele. Alitazama saa ya ukutani, akachukua penseli, akaandika.

Kurunzi hakugusa kibodi mara moja. Kwanza alitazama taa ndogo ya kijani pale kebo inapoingia: inawaka. Hata hivyo aliichomoa kebo, akaweka ya kwake mpya kutoka begini. Mistari miwili ilijaribu kuteremka, ikakatika. Basi kebo haina hatia. Akaipigia hodi namba ya mbali, nje kabisa ya nyumba, bila kutumia jina la tovuti. Kimya. Kwa hiyo si suala la kutafsiri majina. Akauliza mashine kama kadi yake ina malalamiko yoyote. Haikuwa na lolote: barua zinatoka, ilisema, ila majibu hayafiki.

"Barua zinatoka," Kurunzi alirudia kwa sauti. "Basi majibu yanapelekwa mlango gani?"

Alitoa kompyuta yake ya kazini, kikompyuta kidogo kilichokwaruzika, kamera yake ilishakufa zamani, akaiunganisha na wifi ya nyumba. Halafu akafanya jambo ambalo mjomba aliliona la ajabu. Aliichomoa kabisa kebo ya kompyuta ya mzee, akaininginiza hewani ili wote waione.

"Mashine hii ndiyo namba ishirini, sivyo?"

"Ndiyo," mjukuu alisema.

"Na sasa haijaunganishwa popote."

"Popote."

Kurunzi aliandika kwenye kikompyuta chake, akapiga hodi kwa namba ishirini.

Hodi ikaitikiwa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjukuu aliziba mdomo kwa mkono.

"Humu ndani," Kurunzi alisema, "kuna namba ishirini wawili. Ruta ni kama tarishi. Nyumba mbili zikiandikwa namba moja, barua anampa yule aliyemsikia akiita mara ya mwisho. Huyu wa pili akiwaka saa nane, barua za mzee zinakwenda kwake. Linux haina kosa. Na binti huyu hakuharibu kitu."

"Basi ni mwizi!" Mjomba alikwisha kusimama. "Jirani! Yule mchomeleaji! Mwezi juzi aliniomba neno la siri la wifi nikamnyima. Nilijua tu atalipata kwa njia zake." Alikuwa tayari mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. "Baba yangu asiongee na ndugu yake kwa sababu ya mtu anayetazama mpira bure?"

"Kaa kwanza."

"Fundi, niache nika..."

"Ukienda kumtukana jirani na ikawa si yeye, utarudi na uso gani? Kaa. Mgonjwa kwanza."

Alikaa, kiatu bado kiko mkononi. Kurunzi aliirudisha kebo ya mzee mahali pake, akafungua mipangilio ya mtandao, akafuta ile namba iliyojazwa kwa mkono na kuiruhusu ruta igawe yenyewe. Mashine ikapewa namba nyingine, thelathini na tatu. Mistari ya hodi ikaanza kuteremka tena kwenye kioo. Saa nane na dakika kumi na tisa.

Mzee Pindo alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka. Lakini alimtazama Kurunzi kwa macho ya mtu aliyekata suruali nyingi maishani na kujua ipi bado haijamalizika. Mikono yake iliuliza kifupi.

"Anauliza, wa pili ni nani?"

"Namwomba anivumilie kidogo."

Kila kifaa cha mtandao kina namba nyingine ya kudumu, ya kiwandani, na nusu yake ya kwanza hutaja mtengenezaji. Kurunzi aliisoma ya yule wa pili kwenye kikompyuta chake, akaitafuta. Ilikuwa ya kampuni inayotengeneza tableti.

"Nani ana tableti hapa?"

"Hakuna," alijibu mjomba. "Baba ndiye aliyekuwa nayo, kabla ya kompyuta. Ilipasuka kioo."

"Boksi lake lipo?"

Mjukuu aliuliza kwa mikono. Mzee alivuta mtoto wa meza ya cherehani, akatoa boksi jeupe na kulifungua. Lilikuwa limejaa vifungo vya nguo, vimepangwa kwa rangi. Kurunzi aligeuza ubavu wake. Palikuwa na kibandiko chenye tarakimu ndogondogo. Alizilinganisha na zile za kwenye kikompyuta, moja baada ya nyingine, akisogeza kidole. Zilifanana zote.

"Jirani yako amepona," alimwambia mjomba. "Sasa nina swali moja. Ile karatasi ya kwenye ruta, ni mwandiko wa nani? Saba yake ina mkia."

Mjomba alikiangalia kiatu chake.

"Wangu," alisema hatimaye. "Ile tableti ilikuwa inapotea kwenye mtandao. Rafiki mmoja kazini akaniambia niipe namba ya kudumu. Nikaipa ishirini, nikaandika pale nisisahau."

"Ukasahau."

"Nikasahau." Alimtazama mpwa wake, kisha akaangalia pembeni. "Lakini ile tableti ilishatupwa. Nilimpa mke wangu ampe mwokota vyuma..."

Alikatisha. Kurunzi aliona neno linalofuata likianza kumfikia, akamwahi.

"Naomba maji ya kunywa," alisema, akainuka. "Nitajichotea mwenyewe. Nyinyi pigeni simu ya majaribio, kamera iwe tayari."

Jikoni vyombo vilikwisha oshwa na kupangwa. Nyuma ya jiko palikuwa na stoo yenye mlango wa mbao usiofungika vizuri. Kurunzi aliusukuma taratibu.

Mke wa mwenye nyumba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vipokea sauti masikioni. Tableti aliiegemeza kwenye gunia la mkaa. Kwenye kioo chake, chini ya ufa uliokatiza pembeni, mwanamke mmoja alikuwa akifundisha lugha ya alama polepole. Mama yule alikuwa akimfuatisha, midomo inasema maneno bila sauti, vidole vinajikunja, vinakosea, vinaanza upya.

Kurunzi aliushika mlango usilie. Alikuwa ameona makosa mengi ya laini maishani mwake, lakini hakuwahi kuona la namna hii.

Mama yule aligeuka, akashtuka, akaifunika tableti kwa khanga.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Hii si ilikuwa ya kutupwa?"

"Niliiwasha nikaona inafanya kazi. Nikaona haya kuomba. Tafadhali, fundi. Wataniita mwizi."

"Kwa nini ufiche kitu kizuri kama hiki?"

Alisugua viganja vyake kwenye magoti. "Mwaka wa pili huu niko hapa. Mimi na baba tunaishi kama wapangaji. Nampelekea chakula, ananipungia mkono. Siku ya harusi nilijaribu. Nilifundishwa neno moja tu, la kumwambia nimefurahi kuwa mtoto wake. Nikakosea kidole. Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka, alinitazama tu kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikasema sitainua mikono yangu tena mbele yake mpaka niwe na uhakika."

Kurunzi alichuchumaa, magoti yakalia. Akamweleza kwa maneno machache: namba ishirini wawili, tarishi mmoja, barua zilizopotea mlango. Kadiri alivyoeleza, ndivyo uso wa mama yule ulivyozidi kubadilika.

"Kwa hiyo ni mimi? Wiki zote hizi, baba akigongagonga ile meza mtandao ukikatika... ni mimi?"

"Si wewe. Ni namba. Na nimeshaitengeneza, unaweza kujifunza mpaka uchoke, hakuna kitakachokatika. Nikirudi sebuleni nitasema kuna tableti iliyobaki na namba ya zamani. Hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa. Habari ya nani anaishika, sina ruhusa ya kuisema." Aliinuka kwa kushika ukuta. "Ila nikwambie, mwanangu. Mumeo ameshaanza kukisia. Na kuna binti pale amebeba lawama wiki tano."

Aliondoka bila kusubiri jibu. Maji hakunywa.

Sebuleni ilikuwa saa tisa kasoro dakika saba. Mjomba alifungua mdomo kuuliza, lakini macho yake yakapita juu ya bega la Kurunzi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, tableti ameibana kifuani.

"Ni mimi," alisema. "Sikuitupa."

"Mke wangu, ya nini sasa? Si ungesema ukanunuliwa..."

Mkewe aliiweka tableti mezani, akamgeukia Mzee Pindo, akainua mikono. Ilimbidi aishushe na kuanza upya. Alisema jambo, akakwama katikati, akarudi nyuma, akalimaliza.

Mjukuu alifungua mdomo kutafsiri. Kurunzi alimgusa mkono, naye akanyamaza.

Mzee Pindo aliinuka kwenye kiti. Aliushika mkono wa kulia wa mkwe wake, akautazama kwa karibu kwa yale macho yake yenye ukungu, na kwa kidole gumba akamnyoosha kidole kimoja kilichokuwa kimekunjwa vibaya. Akamrudishia mkono wake. Akamwashiria: sema tena.

Akasema tena.

Mjomba alikiweka kiatu sakafuni. Alimsogelea mpwa wake kwa hatua nzito. "Nimekuonea," alisema. "Wiki tano."

"Nilizihesabu, Mjomba."

"Najua. Nisamehe."

Saa tisa na dakika moja kompyuta iliita. Kwenye kioo kipana alitokea mzee mwingine, mwembamba, amevaa gauni la hospitali, uso uleule wa Pindo uliofutwa kidogo. Ndugu wawili walitazamana, kisha mikono ikaanza. Hakukuwa na sauti sebuleni ila mlio wa feni ya kompyuta. Kurunzi alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ruta, macho kwenye taa ya kijani, tayari kuruka ikifumba. Haikufumba. Dakika kumi, ishirini. Mara wanacheka, mara mmoja anafuta macho kwa mkono wa gauni na mwingine anamsubiri.

Karibu na mwisho, yule wa ng'ambo alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya kaka yake, akauliza jambo. Mzee Pindo aligeuka, akamtazama mkwe wake, akajibu kwa urefu.

"Amesema nini?" mjomba alimnong'oneza mpwa wake.

Lakini aliyejibu alikuwa mkewe, polepole, kama mtu anayesoma bango kwa mbali. "Anauliza huyu ni nani. Baba anasema... binti yangu. Anasema nimeanza kuongea leo. Anasema naongea kama... kama mtu mwenye chakula mdomoni?"

Alimgeukia mjukuu kwa wasiwasi. Mjukuu alikuwa ameshaangua kicheko.

"Umepatia, Anti. Neno kwa neno."

Kurunzi aliondoka saa kumi, viatu amevivalia nje ya mlango. Siku iliyofuata, mchana, alikuwa juu ya ngazi katika ofisi moja akivuta kebo darini, simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mjukuu. *Babu mdogo ametoka salama. Ameamka. Bado ana mipira mikononi, lakini nesi anasema ameanza kupungia kila mtu na wamemwomba atulie.*

Aliusoma mara mbili. Halafu akaikunja miwani yake, akaitia mfukoni, akakaa kidogo juu ya ile ngazi kabla ya kuendelea na kazi.